Maji Kwanza

Keti, Yerko. Vua koti, lina chumvi ya bandari.
Nayadet amelala, mwache.
Siku tatu titi limegoma, siku tatu kakandwa, kakamuliwa,
na bado anakilaumu kifua chake kana kwamba kimemwibia.
Mama yako alikuja mchana na supu na maneno.
Supu nilimpa mgonjwa.
Maneno nimeyafungia kabatini.

Nawa mikono. Hadi viwiko. Tena.
Wewe umeshinda ukipasua kaa.

Hapa Punta Arenas upepo ukivuma
hufungwa kamba kando ya njia, wapita njia washike.
Nami nakufungia kamba ya maneno mawili,
uishike saa tisa ya usiku akili ikikukimbia:
maji kwanza.

Yachemke. Yatulie, yasipite nusu saa,
yawe bado na ukali wa kuua vijidudu,
maana unga wa kopo si safi kama kopo linavyojinadi.
Mimina. Inama, jicho lako lilingane na mstari.
Sitini. Sikusema karibu na sitini.
Sasa kijiko, cha kopo hili, si cha kopo la jirani.
Vijiko viwili, ukivisawazisha kwa ubapa wa kisu.
Usishindilie kama mtu anayejaza gunia la viazi.

Unacheka? Cheka.

Mwaka ule wa mgomo kiwandani, Baldomero wangu hana mshahara,
kopo lilibaki robo, mwezi ulibaki siku kumi na moja.
Nikaongeza maji. Kidogo.
Nikasema tumbo changa halijui hesabu.
Chupa ilikuwa nyeupe, mtoto alinyonya, akalala,
nami nikajiona mjanja.
Kumbe mtoto hulala pia kwa kukosa nguvu za kulia.
Siku ya saba nilimleta hapa, anatetemeka,
macho wazi na hayanioni.
Muuguzi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.
Walipomrudisha kwangu, alinipa kopo,
akaufunika mkono wangu kwa mkono wake,
tukahesabu pamoja: moja, mbili.

Ireneo sasa ana miaka ishirini na sita,
anaendesha lori, mlango wangu anauingia kwa kuinama.
Na bado kila nifunguapo kopo
naiona rangi ya maziwa yale, nyeupe ya uongo.

Basi likikaribia kuisha, niite.
Piga simu usiku, njoo na viatu vya ndani.
Aibu ni ghali kuliko maziwa.

Tikisa. Ipoze kwenye bakuli la maji baridi.
Maikrowevu isahau, huficha moto katikati.
Tone moja hapa, ndani ya kifundo cha mkono.
Unahisi nini? Hakuna kitu? Ndiyo joto lenyewe.

Mchukue. Kichwa juu kidogo, si chali.
Umeona anavyotafuta kwa mdomo, anavyokula ngumi?
Hiyo ndiyo njaa ikibisha hodi; kilio ni njaa ikivunja mlango.
Gusa mdomo wake, ngoja afungue mwenyewe.
Chupa ilale, usimmiminie kama bomba.
Mpumzishe. Mweke begani.
Ah, umesikia? Kama baba yake baada ya bia.

Amegeuza uso. Imetosha.
Ndiyo, zimebaki kumi na tano.
Sitini ni sheria kwako wewe unayepima,
si kwake yeye anayekunywa.
Mwaga. Najua bei. Mwaga.

Nayadet, umeamka.
Amekunywa arobaini na tano, muulize huyu, anatembea kama ameshinda kura.
Fungua shati. Hapana, si kwa maziwa.
Mlaze tu hapo, ngozi kwa ngozi,
juu ya kifua hicho hicho unachokitukana.
Tazama anavyokisikiliza.

Chumba cha nne wanalia.
Yerko, nakuachia. Lakini nisikie kwanza.
Nini kwanza?

Eee.